Umebonyeza, AC imenyamaza

Joto la kaskazi likishapamba moto, simu nyingi ninazopokea kutoka hoteli za Mji Mkongwe ni za namna moja. Umeme ulikatika, umerudi, mgeni kabonyeza rimoti, feni inavuma lakini baridi hamna. "Fundi, AC imekufa." Nikifika, mara nyingi chumba kishapoa.

Kitufe cha rimoti hakiwashi kompresa, ile pampu ya gesi inayoleta baridi. Kinapeleka ombi kwenye bodi, yaani saketi inayoiongoza AC, na bodi ndiyo yenye kuamua. Ule mlio mdogo maana yake ombi limepokelewa, basi. Kompresa inaposimama, gesi hubaki na presha kubwa upande mmoja na ndogo upande wa pili. Ukiilazimisha iwake papo hapo, mota hushindwa kuzunguka, huvuta umeme mara kadhaa ya kawaida yake, na hatimaye koili huungua. Ndiyo maana AC nyingi hungoja kama dakika 3 hivi, presha zilingane kwanza. Feni haina shida hiyo, huanza mara moja, na ndiyo inayomchanganya mtu. Ukikosa subira ukaenda kuzima swichi ya ukutani, bodi huanza kuhesabu upya. Na kama umefunga gadi, kile kifaa cha kulinda AC, nacho kina kungoja kwake.

Kushusha hadi 16 nako hakuharakishi kitu kwa AC isiyo ya invata: kompresa yake inajua kuwaka na kuzima tu. Hiyo 16 inaiambia isimame lini. Utakachoona kimekwenda mbio ni yuniti zako za Tukuza, ule umeme wa kulipia kabla.

Kwenye lifti, taa ya kitufe ikishawaka wito umeandikwa. Kubonyeza tena ni mazoezi ya kidole. Kile cha kufunga mlango ni kisa kingine. Marekani, kanuni zilizotokana na sheria ya watu wenye ulemavu ya 1990 zinataka mlango ukae wazi muda wa kumtosha mtu, hivyo abiria abonyezavyo, muda huo haupungui.

Vitufe vya uongo hasa vipo pia. Mwaka 2004 iliripotiwa kwamba New York, kati ya vitufe 3,250 vya waenda kwa miguu kwenye taa za barabarani, zaidi ya 2,500 havikuwa na kazi tena. Taa zilikuwa zikiongozwa na kompyuta, na kuving'oa ni gharama. Mimi ningeving'oa.

Kwa AC yako, bonyeza mara moja, kaa. Dakika 10 zikipita, feni inavuma na mashine ya nje kimya, hapo nipigie.