Pombe Iliyochacha Si Lazima Iwe Imeharibika

Shemeji yangu hapa Tabora alionja bia ya mtama niliyotia ukwaju, akakunja uso, akatema uani. "Hii imechacha, mwaga!" Simlaumu. Lugha yenyewe inatuchanganya: wali uliochacha hutupwa, lakini bila chachu hakuna pombe wala maandazi.

Ukali ule haukuwa wa kuoza. Hamira hula sukari ikatoa kilevi. Bakteria wa asidi laktiki, ndugu wa wale wanaogandisha maziwa yakawa mtindi, hula sukari hiyohiyo wakatoa uchachu. Wabelgiji huilaza bia yao yenye uchachu, iitwayo lambiki, kwenye mapipa ya mbao hata miaka mitatu, na watu huilipia vizuri. Mimi nina ndoo tu. Maji ya kimea yaliyochujwa yakipoa hadi nyuzi 40, natia vijiko vichache vya mtindi wa kienyeji, nafunika siku mbili, nachemsha tena, yakipoa ndipo naweka hamira. Hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, siweki mwanzoni, maana huwazuia bakteria hao. Ukwaju huja mwishoni. Asali ya miyombo nayo naipenda kwa harufu yake, ila usingoje utamu: hamira huimaliza karibu yote.

Kuharibika ni jambo jingine. Hewa ikiingia sana, bakteria wa aina nyingine hugeuza kilevi kuwa siki, na pua itakuambia kabla ya ulimi. Ukikuta ukungu wenye manyoya umetanda juu, hapo shemeji amesema kweli, mwaga.