E-boat siyo nyambizi, na ukiokota kipande chake usiniletee mezani

Juzi kaka mmoja, mtu wa Tanga ila yuko huku pwani ya kusini ya Uingereza miaka mingi anapaka rangi maboti, kaingia ofisini na mfuko wa plastiki. Kautua mezani pembeni ya kikombe changu cha chai, akatoa kipangaboi cha shaba, kidogo, kinaenea kiganjani, kimeota kutu ya kijani. "Mzee, hii si feni ya injini ya ile nyambizi ya Wajerumani, E-boat?" Nikaona pembeni kuna alama mpya za nyundo, nikamuuliza kitu chenyewe kilichobaki kiko wapi. Akasema kiko kwenye gari, kizito, ila nikitaka ataenda kukileta.

Chai sikuimaliza. Tulitoka nje jengo zima.

Ndo maana kitengo kimeniomba niandike hili kwa Kiswahili, manake kila ikikaribia kumbukumbu ya Aprili, ya waliokufa Slapton nitakaowaeleza chini, maswali yanaongezeka na mizigo ya kuokota nayo inaongezeka. Sisemi watu wana nia mbaya, wengi wanadhani wanatusaidia.

Kwanza hili la nyambizi tulimalize. U-boat ndo nyambizi. E-boat ni jina walilolipachika Waingereza wakati wa Vita Vikuu vya Pili, Wajerumani wenyewe waliiita Schnellboot, yani boti ya kasi, kwa kifupi S-boot. Haizami, labda izamishwe. Nimeshalieleza hili mara nyingi sana, hata kwa watu wenye leseni ya kupiga mbizi, na bado wanarudi na swali lile lile.

Chimbuko lake ni boti ya starehe, amini usiamini. Kampuni ya Lürssen ya Bremen ilimtengenezea tajiri mmoja wa benki wa Marekani, Otto Kahn, boti ya mbio iliyoitwa Oheka II, jeshi la maji la Ujerumani likaipenda, na kufikia 1930 wakawa na S-1 yao. Zilizokuja kusumbua hapa kwenye mlango wa bahari wa Uingereza zilikuwa na urefu wa mita 35 hivi na uzito wa karibu tani 100, mbao zimepigiliwa juu ya mbavu za aluminiamu, ndani injini tatu za dizeli za Daimler-Benz, mwendo noti 40 na ushee, weka kilometa 75 kwa saa, usiku, taa zote zimezimwa. Dizeli ilikuwa na faida yake, boti za Waingereza na Wamarekani za aina hiyo nyingi zilikunywa petroli na zikipigwa zinawaka kama kibiriti. Kitu ninachokipenda mimi ni usukani: huku tezi, yani nyuma ya boti, ubavuni mwa usukani mkuu waliweka vijisukani viwili vidogo, boti ikishika kasi wanavigeuza kwa nje kama digrii 30, basi tezi haididimii, wimbi la nyuma linapungua na mwendo unaongezeka. Fundi yeyote wa boti akiona mchoro wake anacheka kwa furaha.

Sasa silaha. Kulikuwa na mizinga midogo ya milimita 20 na mingine mikubwa zaidi, na mara nyingi zilitega mabomu ya majini, lakini kazi ilikuwa topido, yani bomu linalojiendesha lenyewe majini. Mitutu miwili mbele, unene milimita 533, na topido mbili za akiba sitahani, jumla nne. Aina ya G7a ina urefu wa mita 7 na kichwa chenye kilo 280 za baruti. Haina uhusiano na roketi, ile ni mashine inaogelea kwa injini na propela zake na kuacha mstari wa mapovu nyuma. Na ikitoka mtutuni haiko tayari kulipuka, maji ndo yanazungusha kale kafeni ka puani, kanafungua kufuli kidogo kidogo mpaka ifike mbali na boti iliyoifyatua. Umeona? Kale kafeni alikokileta yule kaka ni haka, siyo ka injini. Kakiwa kameshazunguka hadi mwisho, topido ilishajiandaa zamani, inasubiri kugongwa tu, na yule kaka alikuwa na nyundo.

Wanaodhani haya ni mambo ya makumbusho tu waulize Slapton, ufukwe wa huku kusini mwa Uingereza. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Aprili 1944 S-boot tisa kutoka Cherbourg zilikuta msafara wa Wamarekani wakifanya mazoezi ya kutua Normandy, zikazamisha meli mbili za kushusha vifaru ufukweni, LST-507 na LST-531, nyingine LST-289 ikarudi bandarini tezi limeng'olewa. Walikufa 749. Wengine walizama kwa sababu walivaa maboya kiunoni badala ya kwapani, yakawageuza kichwa chini miguu juu.

Utaratibu, tafadhali soma wote. Ukiona kitu kinachofanana na bomu ufukweni: usiguse, usikisafishe, usikigongegonge, sogea mbali, shika alama za mahali, piga 999 uombe Coastguard, walinzi wa pwani. Kikija na nyavu usikilete bandarini, waite kwa redio chaneli 16 na ufuate watakachokwambia, hata kama samaki wataharibika. Kama siyo silaha ila kimetoka kwenye meli iliyozama, hata kiwe kikombe, unaripoti kwa Receiver of Wreck, afisa wa serikali wa mabaki ya meli, ndani ya siku 28. Kuripoti siyo kunyang'anywa, naomba hili lieleweke, mwenye mali anapewa mwaka mmoja ajitokeze na wewe unaweza kupata tuzo ya uokoaji. Usiporipoti tuzo umeikosa, faini inafika pauni 2,500, na unaweza kudaiwa mara mbili ya thamani ya kitu. "Nimekiokota mwenyewe" siyo utetezi. Mabaki ya meli za kivita yana sheria yake nyingine ya 1986, kuna sehemu unaruhusiwa kutazama bila kugusa na kuna sehemu hupigi mbizi kabisa bila leseni, kwaiyo uliza kabla hujavaa mtungi.

Kuna wanaoniuliza kama na kwetu zilikuwepo. S-boot hapana, ila Tanzania ilipata boti nne za topido za Kichina aina ya Huchuan miaka ya 1970, hiyo ni hadithi nyingine na siyo idara yangu.

Yule kaka hakushtakiwa, aliripoti siku hiyo hiyo, mimi mwenyewe nilimsaidia kujaza fomu tukiwa tumekaa ukingoni mwa barabara tunasubiri wataalamu wa mabomu wa jeshi la maji. Gari lake alirudishiwa jioni.