Macho Hafifu Majini: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Miwani ya Kuogelea

Wengi huamini kwamba mtu asiyeona mbali hana haja ya lenzi za kipimo bwawani, kwa kuwa ndani ya maji kila mtu huona ukungu. Dhana hii ina ukweli nusu, na ndiyo maana inadumu. Takriban dayopta (kizio cha nguvu ya kupinda mwanga) 43 kati ya 60 za nguvu ya jicho hutoka kwenye konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, nayo huifanya kazi hiyo kwa sababu imepakana na hewa. Maji yakiigusa, karibu nguvu hiyo yote hupotea, kwa kuwa maji na konea hupinda mwanga kwa viwango vinavyokaribiana. Miwani ya kawaida ya kuogelea hurudisha hewa mbele ya jicho, basi, na kumrudishia mtu uoni uleule alionao nchi kavu: asiyeona mbali mwenye kipimo cha dayopta hasi 5 hubaki na hasi 5 yake, asiweze kusoma saa ya ukutani wala kumtambua mwokoaji anayempungia mkono. Ni kweli kwamba vitu vilivyo majini huonekana vikubwa zaidi kwa kama theluthi moja, lakini ukungu uliokuzwa ni ukungu vilevile.

Wengine hudhani kuwa lenzi hizo lazima zichongwe mahsusi kwa kila mnunuzi. Kwa kawaida huuzwa zikiwa tayari, zikipishana kwa nusu dayopta, na aina nyingine huuzwa lenzi mojamoja ili kila jicho lipate kipimo chake. Mwenye astigmatizimu ndogo, yaani jicho lisilopinda mwanga sawasawa pande zote, hujumlisha nusu ya silinda (namba inayorekebisha kasoro hiyo) kwenye kipimo kikuu, hivi kwamba hasi 3.00 yenye silinda hasi 1.00 huwa hasi 3.50; silinda ikiwa kubwa, hapo ndipo lenzi za kuagiza zinapostahili gharama yake. Kipimo kikiangukia katikati ya hatua mbili, mimi ningechukua lenzi iliyo dhaifu kidogo.

Dhana ya hatari zaidi ni ile ya kwamba klorini huua kila kijidudu, na kwa hiyo mtu anaweza kuogelea na lenzi zinazovaliwa juu ya jicho bila wasiwasi. Akantamiba, kiumbe cha seli moja kinachoishi kwenye maziwa, mabwawa na hata maji ya bomba, hujifungia ndani ya gamba linalostahimili klorini ya kawaida ya bwawa, na kikinaswa chini ya lenzi kinaweza kuila konea hadi kuleta upofu. Anayeshikilia kuzivaa avae juu yake miwani isiyopitisha maji, achague zile za siku moja, na azitupe mara atokapo majini.

Kwamba lenzi za kipimo hulegeza macho ya mtu mzima ni uzushi mtupu.

Miwani hii, hata hivyo, haifai kwa kupiga mbizi ya kina. Kwenye kina cha mita 10 shinikizo huwa maradufu ya lile la juu ya maji, na kwa kuwa pua iko nje ya miwani, mzamiaji hawezi kupulizia hewa ndani yake ili kulisawazisha, hivyo miwani huyafyonza macho hadi mishipa midogo ya damu kupasuka. Kazi hiyo huhitaji barakoa inayofunika pua, nayo pia hupatikana ikiwa na lenzi za kipimo.