Eti chuoni wanafundisha kutunga? Yanayosemwa kuhusu digrii ya uandishi bunifu, na ukweli wake

Kila mwaka matokeo ya form six yakitoka tu naanza kupata meseji za wadogo zangu wa mtaani, dada mi napenda kuandika, nimeona kuna kozi ya uandishi bunifu na midia za kidijitali lakini baba kakataa, anasema hiyo ni kozi ya waliokosa kozi. Mi nimeisoma miaka mitatu na maneno hayo nayajua, niliambiwa sebuleni kwetu wajomba wawili wamekaa wananisubiri nibadilishe niandike sheria. Basi ngoja niyajibu hapa, kwa ninayoyajua.

"Kuandika ni kipaji, hakifundishwi"

Hili ndo nalisikia kuliko yote. Kipaji kipo, sikatai. Lakini mtoto mwenye mkono mzuri akitaka kuchonga milango anapelekwa kwa fundi, anakaa miaka, anaharibu mbao, anaelekezwa, na hakuna anayeona ajabu. Hata washairi wetu wa zamani walijifunza vina na mizani kwa waliowatangulia, na walikosolewa hadharani kwenye malumbano. Chuo kinafanya kitu hichohicho ila mezani, inaitwa warsha. Unaprinti kazi yako, unagawa kwa wenzako wote, wiki inayofuata mnakaa duara wanaijadili na wewe huruhusiwi kuongea mpaka wamalize. Wanasema hapa nilichoka, huyu mama simwamini, hapa umenipoteza, na wewe umekaa kimya unaandika, kwa sababu msomaji akiwa Mwanza na simu yake mkononi hutakuwepo kumweleza eti nilimaanisha hivi. Warsha yangu ya kwanza nilipeleka hadithi ya kifo cha bibi yangu, niliipenda mno, na msichana mmoja akasema kwa upole kabisa, "bibi anakufa ukurasa wa kwanza, mimi bado sijamjua." Nilirudi hosteli nikalia. Afu nikaiandika upya mara 4, na kwenye ile ya 4 bibi anaonekana kwanza anapepeta mchele na kumfokea kuku, na ni hapo tu darasa zima lilipokaa kimya lilipofika mwisho. Sijui ningejifunzia wapi jambo hilo peke yangu chumbani.

Mfumo wenyewe sio mchezo wa juzi. Chuo Kikuu cha Iowa kule Marekani kilianza programu yake 1936, Uingereza wakaanza 1970 pale University of East Anglia. Na kwetu, kabla hata ya jina la kozi kuwepo, kazi ilikuwa inafanyika, Makerere idara ya Kiingereza ilikuwa na jarida lake, Penpoint, lilianza 1958, na humo ndimo kijana mmoja wa kutoka Limuru alichapisha hadithi zake za mwanzo akiwa bado mwanafunzi, ndo Ngũgĩ wa Thiong'o. Kwa hiyo yule anayesema waandishi wakubwa hawakupitia darasani, wapo waliopitia, na walichokikuta huko ni watu wa kuwasoma.

"Hiyo digitali ni kujifunza kupost tu, kila mtu anajua"

Hapana jamani. Hii nusu ya pili ya kozi ndo iliyonitoa jasho. Kuna programu moja ya bure inaitwa Twine, ilitoka 2009, unatungia hadithi ambayo msomaji mwenyewe anachagua njia. Unaandika kipande, neno unalotaka liwe mlango unaliwekea mabano ya mraba mawilimawili, basi akiligusa anaingia kipande kingine. Inaonekana rahisi mpaka ukae upige hesabu, kila kipande kikiwa na njia 2, ukifika hatua ya 5 una miisho 32, hatua ya 10 ni miisho 1,024, na hakuna binadamu wa kuiandika yote ndani ya semista. Hapo ndo unajifunza kuzirudisha njia zikutane, msomaji aone kachagua kweli na bado hadithi iwe moja, na kila kipande kisomeke vizuri kwa mtu aliyetoka kulia na kwa aliyetoka kushoto. Mimi niliandika safari ya daladala ya usiku, abiria mmoja ana mkoba usio wake, nilichora njia zake kwenye karatasi za manila ukuta mzima.

Kuna mazoezi mengine madogo lakini yanauma, mfano hadithi nzima kwenye meseji moja, herufi 160 na nafasi zikihesabiwa. Kiswahili maneno yetu ni marefu, ukiandika "hawakumsubiri" tayari umetumia 13, ila neno hilo moja limebeba nani, lini, nani kafanyiwa, na kwamba haikutokea. Nilianza kuipenda lugha yangu upya kwa zoezi lile. Pamoja na hayo unasoma hakimiliki, unasoma kuandikia sauti ambako msikilizaji hawezi kurudi nyuma kusoma tena, kuediti klipu, na kumwandikia mtu anayesoma kwa bando la kubana.

"Utaishia kijiweni"

Sitamdanganya mtu, hakuna ofisi yenye kibao kwamba tunaajiri watunzi wa hadithi, na mwaka wangu wa kwanza baada ya chuo niliishi kwa vibarua vya kuandika maelezo ya bidhaa. Lakini kazi ya kutunga ipo na ni kubwa kuliko watu wanavyodhani, imejificha kwenye majina mengine.

Chukua mchezo wa redio Twende na Wakati, Radio Tanzania walianza kuurusha 1993, kuna dereva wa lori anaitwa Mkwaju, ana wanawake njia nzima. Ulitungwa makusudi kuhusu uzazi wa mpango na ukimwi, na kwa miaka 2 ya mwanzo eneo la Dodoma halikurushiwa ili watafiti walinganishe. Na ikaonekana, walikosikia mchezo matumizi ya uzazi wa mpango yalipanda kuliko Dodoma. Hadithi ile! Mtu alikaa akaandika mazungumzo ya Mkwaju na mkewe, na nyumba za watu zikabadilika. Nikifikiria hilo huwa nasisimka mpaka leo. Kenya nao Shujaaz tangu 2010, katuni ya Sheng inayotoka kwenye karatasi, redio na simu kwa pamoja, ikashinda Emmy ya kimataifa, tuzo kubwa ya vipindi vya televisheni na midia. Huko ndani kuna waandishi wanalipwa. Wapo pia wenzetu wanaouza riwaya kwenye WhatsApp, sehemu za mwanzo bure, zinazofuata unatuma hela kwanza, na wanaijua hadhira yao kuliko wachapishaji wengi.

"Ya mtandaoni sio fasihi"

2002 Binyavanga Wainaina, mwandishi wa Kenya, alishinda Tuzo ya Caine, ile ya hadithi fupi za waandishi wa Afrika, kwa kazi iliyotoka kwenye mtandao, sio kwenye kitabu. Na huyohuyo baadaye, jina analo tayari, akaenda kusomea uandishi bunifu East Anglia. Sina la kuongeza hapo.

Kuna na hili la AI, kwanini usome wakati mashine inaandika. Nimeitumia, inaandika laini. Ila haikuwa jikoni siku bibi anamfokea kuku, na usipofundishwa kuediti hutajua ni sentensi gani kati ya hizo laini haina kitu ndani.

"Bila Kiingereza huendi popote"

Kusoma kozi nyingi utahitaji Kiingereza, ni kweli. Kuandika ni jambo jingine. Tuzo ya Mabati-Cornell, siku hizi inaitwa Safal-Cornell, ilianzishwa 2014 kwa ajili ya miswada ya Kiswahili, na sasa Tanzania tuna Tuzo ya Kitaifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iko chini ya Taasisi ya Elimu. Mwanafunzi anaweza kabisa kutoka na mswada wa mwaka wa mwisho akaupeleka huko.

La mwisho, usitafute jina la kozi tu. Kwetu mara nyingi hailiwi sahani moja, imegawanyika, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa mfano ukitaka fasihi ni idara yake, sanaa bunifu idara yake, uandishi wa habari shule yake. Kwa hiyo kabla hujajaza, omba orodha ya masomo ya miaka yote, kaa na baba muisome pamoja, mhesabu ni mangapi yanakudai uandike kitu chako mwenyewe kikasomwe na watu, na ni mangapi ya kusoma vitini na kufanya mtihani tu. Yale ya kuandika yakiwa mawili matatu tu, tafuta kwingine.