Unene wa bamba si kipimo cha deraya bora

Wengi wanaokwenda kwa mafundi wa Kamukunji, Nairobi, kutengenezewa deraya (mavazi ya chuma ya kujikinga vitani) za maigizo au za mchezo wa panga butu huagiza bamba nene kupita kiasi, wakiamini unene ndio kinga. Si kweli. Chuma cha milimita 1 kina uzito wa karibu kilo 8 kwa mita mraba. Cha milimita 3, karibu kilo 24. Deraya kamili za vita za Ulaya ya karne ya 15 zilikuwa na kilo 15 hadi 25 hivi, na hazikuwa na unene mmoja: kifua kilikuwa kinene katikati, kikipungua kuelekea mbavuni.

Kazi kubwa hufanywa na umbo. Bamba la milimita 1.5 lililogongwa kwa nyundo likawa na mbinuko halibonyei upesi, na pigo huteleza pembeni. Bamba bapa hulipokea pigo lote.

Mimi ningechagua chuma laini: milimita 2 kichwani, 1.5 kifuani, 1.2 mikononi. Ukinunua kwa geji (namba ya kupimia unene wa bamba), namba kubwa ni bamba jembamba. Na tafadhali, mabati yenye zinki yasichomelewe kabisa. Moshi wake huleta homa.