Kutenga tatizo: maana yake laptopu inapogoma

Umeme ukikatika usiku, watu wengi hawakimbilii simu kumwita fundi. Wanafungua dirisha na kuchungulia kwa jirani. Kwake nako kukiwa giza, tatizo ni la mtaa mzima na lililobaki ni kusubiri. Kwake kukiwaka, tatizo ni la humu ndani: uniti za LUKU zimekwisha, au swichi kuu imeshuka. Kwa kuchungulia tu, nusu ya sababu zote zimeshaondoka mezani, na hakuna waya ulioguswa.

Huko ndiko kutenga tatizo. Ni kufanya jaribio ambalo jibu lake, liwe ndiyo au hapana, linaondoa kundi zima la sababu, kisha unajaribu tena ndani ya kundi lililobaki, mpaka hitilafu ikose pa kujificha. Lina masharti mawili. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, kwa sababu ukibadilisha chaja na betri kwa pamoja mashine ikawaka, hutajua kipi kilikuwa kibovu. Pia jaribu kwa kifaa ambacho umeshakiona kikifanya kazi kwingine. Chaja ya kuazima ambayo haijulikani kama ni nzima haikuambii chochote.

Chukua laptopu isiyowaka kabisa. Umeme unatoka ukutani, unapita kwenye ekstensheni, plagi, chaja na tundu la kuchajia, ndipo unafika kwenye betri na bodi, yaani bamba kuu la umeme ndani ya mashine. Anza ukutani, maana huko kujaribu ni bure: chomeka chaja ya simu kwenye soketi ileile. Plagi zetu za miguu mitatu bapa zina fyuzi ndogo ndani yake, na ikiungua chaja nzima huonekana imekufa. Ichomoe ukutani kwanza, kisha fungua kifuniko kidogo kilicho katikati ya miguu kwa bisibisi nyembamba, na uweke fyuzi yenye ampea zilezile zilizoandikwa kwenye ile ya zamani.

Ukiazima chaja, soma kibandiko chake kwenye mstari wa OUTPUT. Tuseme chaja yako imeandikwa 19.5V na 3.34A, yaani kama wati 65. Volti za chaja ya kuazima lazima zilingane na zako na kichwa chake kiingie sawasawa. Ampea zikizidi hakuna shida, kwa kuwa mashine huvuta kiasi inachohitaji tu. Zikipungua, inaweza kukataa kuchaji. Ndiyo maana chaja ndogo ya simu, hata kama kichwa chake cha Type-C kinaingia vizuri, mara nyingi haifui dafu mbele ya laptopu.

Chaja ikiwa nzima na mashine bado imelala, ondoa chaja, toa betri kama ni ya kuchomoa, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie kwa sekunde 30. Umeme uliobaki kwenye bodi unaisha, na sehemu inayosimamia uwashaji inaanza upya. Rudisha chaja peke yake bila betri. Ikiwaka hivyo na kukataa betri ikirudishwa, mkosaji umempata.

Tatizo linaloliza watu pesa nyingi bila sababu ni lile la mashine inayowaka, feni inazunguka, lakini kioo cheusi. Wengi huambiwa palepale kwamba kioo kimekufa. Labda. Lakini sababu ni nyingi, na majaribio matatu ya sebuleni yanazipunguza sana.

La kwanza ni taa ya Caps Lock. Bonyeza kitufe hicho mara kadhaa. Taa ikiwaka na kuzima kila unapobonyeza, mashine iko hai na inasikiliza, ila haioneshi. Isipobadilika, yawezekana imekwama kabla hata ya kuanza.

La pili ni tochi ya simu. Zima taa za chumba, washa laptopu, subiri kidogo, kisha mulika kioo kwa upande, tochi ikiwa karibu kabisa nacho. Angalia kwa makini. Ukiona kwa mbali kivuli cha maandishi, au picha uliyoizoea ya kuingilia, basi picha inafika kwenye kioo na kilichozima ni mwanga wake wa nyuma. Mtu asiyejua hili anaweza kuuziwa bodi nzima kwa ajili ya taa.

La tatu ni TV. Unganisha laptopu kwa waya wa HDMI, chagua tundu hilo kwenye rimoti, na kama hakuna kitu bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P ili picha iruhusiwe kutoka nje. TV ikionesha picha safi, bodi na mfumo wa picha kwa sehemu kubwa ni wazima, na shida huenda imebaki kwenye kioo au waya unaokwenda kwenye kioo kupitia bawaba. Sasa sogeza kioo taratibu mbele na nyuma. Picha ikija na kupotea kwenye pembe fulani, shuku ule waya, kwa sababu hukunjwa kila unapofungua na kufunga. Waya huo ni wa bei rahisi kuliko kioo, na hapa ndipo dakika chache za kujaribu zinapokulipa.

TV nayo ikiwa tupu na Caps Lock haijibu, geukia RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambayo mashine huitumia inapofanya kazi. Kama mashine yako inaruhusu kuifikia, zima, chomoa chaja, tenga betri, gusa chuma kisichopakwa rangi ili uache umeme wa mwilini, kisha itoe RAM na uirudishe mpaka ikae na kubana. Zikiwa mbili, jaribu moja moja, halafu uhamishe nafasi. Ikikubali na moja na kukataa na nyingine kwenye nafasi ileile, jibu liko mkononi mwako. Laptopu nyingi nyembamba za siku hizi RAM yake imeunganishwa moja kwa moja kwenye bodi, na hapo jaribio hili halipo.

Kuna mpaka mwingine ambao ningependa kila mwenye laptopu aujue, nao ni kati ya programu na vifaa. Huku kwetu dawa ya kila kitu imekuwa kupiga Windows, yaani kuisakinisha upya. Kibodi inaruka herufi, piga Windows. Waifai inakata, piga Windows. Ni kazi ya saa kadhaa, picha na nyaraka za watu hupotea, na kama ubovu ni wa kifaa unarudi siku hiyohiyo. Kabla ya kukubali, tengeneza flashi ya Ubuntu au Linux Mint, mifumo ya bure inayoweza kuendesha kompyuta badala ya Windows, washa mashine kupitia flashi hiyo, na uchague kuijaribu bila kuisakinisha. Mfumo mzima unafanya kazi kutoka kwenye flashi na Windows yako haiguswi. Kibodi ikiandika vizuri huko na waifai ikashika, vifaa ni vizima na kosa liko ndani ya Windows. Herufi zilezile zikigoma na huko pia, hakuna Windows mpya itakayoziponya. Na kama hadidiski inatoa mlio wa kugongagonga, usisakinishe chochote. Hamisha mafaili kwanza.

Intaneti ni nyepesi zaidi. Simu ikipata mtandao kwenye waifai ileile, ruta ni nzima. Laptopu ikipata mtandao kwa hotispoti ya simu, laptopu ni nzima, na ugomvi uko baina yake na ruta.

Betri inayoisha haraka nayo ina jaribio lake. Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, na Windows itakutengenezea ripoti na kukuonesha ilipoihifadhi. Linganisha DESIGN CAPACITY, uwezo wa betri ilipokuwa mpya, na FULL CHARGE CAPACITY, uwezo wake wa sasa. Kama ilikuwa 50,000 na leo ni 20,000, imebaki asilimia 40 na imechoka kweli. Tarakimu zikikaribiana, iache betri na utafute programu inayokula chaji.

Yapo mambo ambayo hayajaribiwi. Betri iliyovimba, ambayo utaijua kwa kifuniko kuinuka au padi ya kipanya kubinuka, isibonyezwe wala kutobolewa: zima, chomoa, acha kuitumia. Mashine iliyomwagikiwa maji isiwashwe ili kuona kama imepona. Chaja isifunguliwe nyumbani, kwa sababu ndani yake unaweza kubaki umeme wa kukudhuru hata ikiwa imechomolewa.

Ukifika kwenye bodi yenyewe, umefika mwisho wa kazi ya nyumbani, na fundi anahitajika. Lakini usimpelekee maneno ya “imeharibika tu”. Mwambie: chaja nimeijaribu kwenye mashine nyingine inachaji, bila betri haiwaki, kwenye TV hakuna kitu, RAM nimejaribu moja moja. Mpe na tarehe tatizo lilipoanza, na kama umeme ulikuwa unakatika na kurudi siku hiyo. Akitaka kubadilisha kioo baada ya kusikia hayo, muulize ni jaribio gani limemwonesha kwamba kioo ndicho kibovu.