Mwenzi wa mgonjwa wa saratani, ingia naye kwa daktari

Kila mwaka ifikapo Oktoba, mwezi wa kampeni ya saratani ya matiti, foleni ya kupima huwa ya wanawake. Hiyo tumeizoea. Iliyotufanya tuandike safari hii ni foleni ya dirisha la ustawi wa jamii hapa hospitalini kwetu: waume na wake wa wagonjwa ambao tayari wako kwenye matibabu, na karibu wote wanakuja na neno moja, "hatukuambiwa". Hatukuambiwa nywele zitanyonyoka. Hatukuambiwa atakaa Dar es Salaam wiki nyingi. Ukifungua faili, maelezo yapo na sahihi ya mgonjwa ipo. Aliyeelezwa ni mgonjwa. Mwenzi wake alikuwa kwenye benchi nje, au alibaki Rombo kwenye mavuno ya kahawa, au alimtuma shemeji aje na bahasha ya vipimo.

Tunaomba basi kwamba mgonjwa akiridhia, mwenzi wake aingie naye ndani siku ya kwanza ya kliniki, asiishie kumsindikiza getini. Akija na daftari, vizuri zaidi.

Tuanze na homa, kwa sababu hiyo haisubiri. Siku kati ya 7 na 14 baada ya dripu ya kemo, yaani dawa za kuua chembe za saratani, kwa dawa nyingi chembe nyeupe za damu hushuka sana na mwili hukosa ulinzi. Mgonjwa akifikisha nyuzi joto 38 katika siku hizo, hiyo ni dharura, hata kama anacheka na amekula. Huku kwetu homa ikipanda usiku mtu hukimbilia duka la dawa, hununua panadol na dawa mseto ya malaria, kisha anasema tuone asubuhi. Panadol hushusha joto huku maambukizi yakiendelea ndani, na asubuhi tunampokea mgonjwa hajitambui. Nunueni kipimajoto. Mkifika mapokezi, neno la kwanza liwe "yuko kwenye kemo", kabla hamjatafuta kadi.

Chakula tusikitungie sheria nyingi. Mtori mlaini humfaa aliyechubuka mdomo, na humfaa pia mwenye saratani ya umio anayemeza kwa shida. Mama mkwe anayeleta kisusio, supu ya damu, ili "kuongeza damu" ana nia njema, ila damu ambayo haikuchemka sawasawa, maziwa mabichi na kachumbari vikae kando chembe nyeupe zinapokuwa chini. Na dawa za kienyeji: sisi tuliokuwa kanda hii ya kaskazini mwaka 2011 tunaukumbuka msururu wa magari kwenda Samunge, Loliondo, kwa kikombe cha dawa ya mitishamba cha shilingi 500. Hatumcheki aliyekwenda. Tunachoomba ni kwamba chochote anachokunywa mgonjwa kitajwe kwa daktari, maana baadhi ya mitishamba huumiza ini lililokwisha kuelemewa na dawa.

Sasa chumbani. Swali hili huulizwa mlangoni, mgonjwa akiwa ametangulia kutoka, kwa sauti ya chini. Saratani haiambukizi kwa kulala kitanda kimoja, kwa kula sahani moja wala kwa kumkumbatia mtu. Mionzi inayopigwa kwa mashine kutoka nje ya mwili haibaki mwilini, kwa hiyo mtoto anaweza kupakatwa na mama yake jioni ileile. Kemo ina tahadhari zake: kwa saa 48 hivi baada ya dripu, mkojo, kinyesi na matapishi hubeba mabaki ya dawa. Anayesafisha avae glavu, choo cha maji kivutwe mara mbili, shuka zilizochafuka zifuliwe peke yake, na mjamzito asiguse kazi hiyo. Mkojo ukiwa mwekundu siku moja au mbili baada ya dawa ile nyekundu, doksorubisini, ni rangi ya dawa. Tendo la ndoa halijakatazwa mgonjwa akiwa na nguvu na hamu, ila kondomu itumike, na njia ya uzazi wa mpango ijadiliwe kabla ya matibabu, kwa sababu dawa hizi huharibu mimba.

Hapa kuna jambo ambalo, kusema kweli, tumechoka kulisuluhisha. Mke amekutwa na saratani ya mlango wa kizazi, mume amesikia kwamba kirusi chake, HPV, huenezwa kwa kujamiiana, basi anaitisha kikao cha ukoo amtafute aliyemletea. Kirusi hiki huwapata watu wengi wanaojamiiana, wanaume kwa wanawake, na mara nyingi huondoka bila mtu kujua. Kinapobaki, huchukua miaka 10, 20 au zaidi kufikia saratani. Hakuna kipimo cha hospitali kitakachokwambia kilitoka kwa nani wala lini, na huenda ni wewe. Vikao hivyo vimewapotezea baadhi ya wanawake mizunguko ya matibabu, na mzunguko uliorukwa haulipwi kwa pole.

Linalofanana na hilo ni la sahihi. Mgonjwa mtu mzima mwenye akili timamu husaini mwenyewe fomu ya kukubali upasuaji. Mume hasaini badala ya mke, na kaka mkubwa hasaini badala ya mdogo wake. Anaweza kuita kikao kwanza, akataka ushauri, tukampa muda. Lakini familia inayotuomba "msimwambie ana saratani" inatuomba tumtibu mtu bila ridhaa yake, na hilo hatulifanyi.

Kwa walioajiriwa, maelezo haya tunayarudia kila wiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi anayeumwa siku 126 za likizo ya ugonjwa ndani ya mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza ni kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata ni nusu mshahara, na cheti cha daktari ni lazima. Mwenzi anayeuguza hana likizo hiyo. Zile siku 4 zenye malipo zilizowekwa katika sheria hiyo zinahusu mtoto kuugua au kufariki, na kufiwa na mwenzi, mzazi, babu, bibi, mjukuu au ndugu wa kuzaliwa naye. Mwenzi kuugua hakumo. Inabaki likizo yake ya mwaka ya siku 28 na maelewano na mwajiri, na barua ya kuthibitisha kwamba anamuuguza mwenzi wake tutamwandikia. Msituombe tuandike kwamba anayeumwa ni yeye. Cheti cha uongo ni kosa kwa aliyekiandika na kwa aliyekipeleka kazini, na kazi hupotea hapohapo wakati nyumba inaihitaji kuliko kawaida. Kadi ya bima ni vivyo hivyo: haiazimwi, hata kwa pacha. Kadi hufungiwa, na atakayeumia ni mgonjwa halali aliye katikati ya matibabu. Wanandoa wasio na cheti cha ndoa washughulikie usajili mapema kupitia ofisi ya wilaya, kwa sababu mwenzi huandikishwa kwenye bima kwa cheti.

Kihamba nacho, yaani shamba la ukoo lenye nyumba ya familia. Nyumba ya ndoa, kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi, hata kama hati ina jina moja. Anayehofia kwamba itauzwa akiwa wodini anaweza kuweka zuio kwa msajili wa hati za ardhi. Sheria hiyohiyo inamtaka mke mwenye uwezo amtunze mume aliyeshindwa kujitafutia riziki kwa ugonjwa, jambo ambalo waume wengi huona aibu kulipokea. Kabla ya kuuza chochote, au kuchukua mkopo wa VICOBA kwa mzunguko mmoja tu wa dawa, njooni tuhesabu gharama ya matibabu yote, pamoja na nauli na malazi. Mionzi kwa kawaida hutolewa siku 5 kwa wiki, na kwa saratani nyingi huendelea wiki 5 hadi 7. Familia nyingi za kaskazini zimepitia Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, zikiwa na hela ya wiki moja mfukoni.

Katika wiki hizo watoto hubaki na shangazi au na dada wa kazi. Waambiwe ugonjwa kwa jina lake, kwa maneno mafupi, na waambiwe kwamba si wao waliousababisha, maana wadogo hudhani hivyo. Mwalimu wa darasa naye ajulishwe. Mwenzi mwenyewe apangiwe zamu na ndugu angalau usiku mmoja kwa wiki alale. Wanaokuja kupimwa presha kwetu baada ya miezi ya kuuguza ni wengi, na karibu wote walisema hawakuwa na nafasi.

Wasiomudu gharama waanze kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, awaandikie barua. Barua itaje jina kamili la mgonjwa kama lilivyo kwenye faili, hali ya kipato cha nyumba na idadi ya wategemezi, na iwe na mhuri. Afisa ustawi wa jamii atamhoji mgonjwa na mwenzi wake kabla ya kupendekeza msamaha au punguzo, na huenda akampigia mtendaji simu. Ileteni kabla ya siku ya dripu. Ikija siku yenyewe, mahojiano hayatamalizika kabla ya dirisha la malipo kufungwa, na barua isiyo na mhuri tutairudisha.